Nani Huteuliwa? Afrika Mashariki katika Orodha za Oscar

Kwa kawaida mwezi Januari, saa kumi na nusu alasiri kwa saa zetu, Los Angeles kukiwa bado hakujapambazuka, majina ya filamu na wasanii walioteuliwa kuwania Tuzo za Oscar husomwa hadharani. Kabla ya majina hayo kusomwa, wapo waandishi, wachambuzi na wacheza kamari ambao wameshatumia miezi kadhaa kuyabashiri. Wengi wao hupatia sehemu kubwa ya orodha. Hawana mizimu inayowanong'oneza wala ramli. Wanachokifanya ni kazi ambayo mwanahistoria yeyote angeitambua: wanatazama yaliyotokea miaka iliyopita, wanauliza nani ana kura, nani ana fedha, kanuni zinasemaje, kisha wanakisia yatakayofuata.

Katika makala haya ninataka kujadili swali moja. Ikiwa orodha hiyo inabashirika kwa kiasi hicho, kubashirika kwake kunatueleza nini kuhusu nafasi ya Afrika Mashariki ndani yake? Wanafunzi wangu wanaopenda filamu huniuliza swali hilo kwa namna nyepesi zaidi: lini filamu ya Kitanzania itateuliwa? Hoja yangu ya msingi ni kwamba swali la wanafunzi hawa haliwezi kujibiwa kwa matumaini wala kwa lawama. Linajibiwa kwa kuisoma historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imefanyika katika ardhi yetu, mara nyingi bila sisi kuulizwa.

Ubashiri unavyofanyika

Akademi ya filamu ya Marekani ilianzishwa mwaka 1927, na tuzo zake za kwanza zilitolewa tarehe 16 Mei 1929 katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood. Leo ina wanachama zaidi ya 10,000, waliogawanyika katika matawi kufuatana na kazi zao. Waigizaji huteua waigizaji, waongozaji huteua waongozaji, wapiga picha huteua wapiga picha. Uteuzi wa Filamu Bora ndio unaowahusisha wanachama wote.

Mbashiri makini huanzia hapo. Anajua kwamba vyama vya waigizaji, waongozaji na watayarishaji wa Marekani navyo hutoa tuzo zao katika majira hayohayo, na kwamba sehemu ya wanachama wa vyama hivyo ndio haohao wapiga kura wa Akademi. Anajua kwamba filamu zinazotoka kati ya Oktoba na Desemba hubaki mbichi katika kumbukumbu za wapiga kura kuliko zile zilizotoka Februari. Anajua pia kwamba kampuni za usambazaji hutumia fedha nyingi kwa kampeni, matangazo na maonesho maalumu, ili wapiga kura waione filamu kabla ya kura kupigwa. Filamu ambayo haijaonwa haiteuliwi, hata ingekuwa bora namna gani.

Kisha anatazama wapiga kura wenyewe. Mwaka 2012 gazeti la Los Angeles Times lilichunguza uanachama wa Akademi na kubaini kwamba takriban asilimia 94 ya wapiga kura walikuwa watu weupe na asilimia 77 walikuwa wanaume. Mwaka 2015 nafasi zote 20 za uigizaji zikaenda kwa waigizaji weupe, na mwaka 2016 ikawa hivyohivyo. Aliyezisoma takwimu za 2012 hakuhitaji uganga kuzikisia orodha hizo mbili. Kelele zilizofuata ziliilazimisha Akademi kuwakaribisha wanachama wapya kutoka mataifa mengi, na orodha nazo zikaanza kubadilika. Hapa kuna somo la kwanza: orodha hubadilika pale wapiga kura wanapobadilika.

Sisi kama mandhari

Tukiitazama historia ya Oscar kwa jicho hilo, tutagundua jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji. Afrika Mashariki si mgeni katika orodha hizo. Tumo humo kwa miongo mingi.

Mwaka 1952 filamu *The African Queen* iliteuliwa katika vipengele vinne, na Humphrey Bogart akapata Oscar yake pekee. Kisa chake kinatokea katika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1914, yaani katika nchi hii, ingawa picha zilipigwa Uganda na Kongo. Meli ya kivita ya Wajerumani iliyomo katika kisa hicho mara nyingi huhusishwa na *Graf von Götzen*, ambayo watu wa Kigoma wanaijua kwa jina la MV Liemba. Mwaka 1954 ilifuata *Mogambo*, iliyopigwa picha Kenya, Tanganyika na Uganda, na kuwapa uteuzi Ava Gardner na Grace Kelly.

Aprili 1960, takriban mwaka mmoja na nusu kabla ya Uhuru, filamu ya Kijerumani iliyotafsiriwa kama "Serengeti Haitakufa" ilishinda Oscar ya dokumentari ndefu. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege, na Michael akafa kwa ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Amezikwa ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro. Filamu hiyo ilieneza duniani picha ya Serengeti kama pori lisilopaswa kuwa na watu. Msomaji anayefuatilia mjadala wa wafugaji na hifadhi ataelewa kwamba picha iliyoshangiliwa Los Angeles mwaka 1960 ingali na uzito katika ofisi za serikali hadi leo.

Orodha inaendelea. *Hatari!*, iliyopigwa picha Tanganyika, iliteuliwa mwaka 1963 kwa upigaji picha, na jina lake ni la Kiswahili. *Born Free*, kisa cha simba jike wa Kenya, ilishinda tuzo mbili za muziki mwaka 1967. *Out of Africa* ilishinda Oscar saba mwaka 1986, ikiwamo ya Filamu Bora. *Gorillas in the Mist*, ya Rwanda, iliteuliwa katika vipengele vitano mwaka 1989. Mwaka 1995 "Hakuna Matata" ulikuwa miongoni mwa nyimbo tatu za *The Lion King* zilizoteuliwa kuwania Wimbo Bora. Maneno tunayoambiana kila siku yakawa mteule wa Oscar, na baadaye kampuni ya Disney ikayasajili Marekani kama alama yake ya biashara.

Baada ya hapo wanyama waliwapisha madikteta, vita na njaa. Mwaka 2006 Rachel Weisz alishinda kwa *The Constant Gardener*, iliyopigwa picha Kenya. Mwaka 2007 Forest Whitaker alishinda kwa kumwigiza Idi Amin. Mwaka 2008 iliteuliwa *War/Dance*, dokumentari ya watoto wa kaskazini mwa Uganda, na mwaka 2015 ikateuliwa *Virunga*, ya mashariki mwa Kongo.

Mbashiri ambaye angepewa orodha hii bila kuambiwa zaidi angeweza kuunda kanuni. Kanuni hiyo ingesema: filamu kuhusu Afrika Mashariki ina nafasi ya kuteuliwa endapo mwongozaji anatoka Ulaya au Marekani, na endapo mada ni wanyama, mzungu aliyepotelea porini, au maafa. Kwa zaidi ya nusu karne kanuni hiyo haikukosea mara nyingi.

Ndoto ya Darwin na Rais wa Msoga

Mteule mmoja ninamweka kando makusudi. Mwaka 2006 dokumentari ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*, iliteuliwa kuwania Oscar. Ilihusu Mwanza, biashara ya sangara wa Ziwa Victoria, umaskini wa watu wanaoishi kando ya viwanda vya minofu, na ndege za mizigo ambazo filamu ilizihusisha na silaha. Haikushinda, kwani tuzo ilikwenda kwa filamu ya ndege aina ya pengwini. Hata hivyo, uteuzi pekee ulitosha kuitikisa serikali. Rais Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, kijiji kilichoko kati ya Chalinze na hapa Msata ninapoandikia makala haya, aliikosoa hadharani mwaka huohuo, na Mwanza kukafanyika maandamano ya kuipinga.

Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa na haki katika kila dai. Ninachotaka msomaji akione ni uzito wa orodha. Filamu nyingi kuhusu Tanzania hupita bila kiongozi yeyote kuzitaja. Hii ilijibiwa na Mkuu wa Nchi, kwa sababu ilikuwa imeonekana Ulaya na Marekani na imewekwa katika orodha ya watano bora duniani. Serikali ilielewa kwamba kuteuliwa ni aina ya mamlaka. Yapo majibu mawili kwa mamlaka ya namna hiyo. La kwanza ni kukemea picha ya mwenzako. La pili ni kuwawezesha watu wako watengeneze picha zao na kuzifikisha palepale. Tulitoa la kwanza kwa sauti kubwa. La pili tulilichelewesha.

Kutoka Vugiri hadi Kampuni ya Filamu

Ucheleweshaji huo haukusababishwa na ugeni wa sinema katika nchi hii. Msata ni njia panda. Barabara ya lami ya kilometa 64 kutoka Bagamoyo hukutana hapa na barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda Segera. Ukiifuata barabara kuu hiyo kuelekea kaskazini utafika Korogwe, na juu yake, katika milima ya Usambara, ipo Vugiri. Huko, kati ya 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika kwa fedha za mfuko wa Carnegie wa Marekani. Walitengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakirekodi jinsi watazamaji walivyozipokea.

Jaribio hilo lilikuwa ubashiri wa aina yake. Wakoloni walitaka kujua Mwafrika ataelewa nini na atapenda nini. Baadaye maofisa wa filamu wa Kiingereza walishikilia kwamba Mwafrika anahitaji filamu za polepole na hadithi nyepesi, na kwa miaka mingi wakatengeneza filamu kwa kipimo hicho. Mtazamaji alibashiriwa, lakini hakupewa kura.

Miaka ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za Kiswahili kama *Muhogo Mchungu*, na mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana aliyeitwa Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wakumbuke kwamba taifa hili liliwahi kuongozwa na mtu aliyeijua kamera kwa upande wa mbele.

Baada ya Uhuru serikali ilianzisha kitengo chake cha filamu mwaka 1963, ikaunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na Taasisi ya Picha na Sauti mwaka 1974. Mwaka 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Misingi ilikuwapo: vifaa, wataalamu, na jumba la mafunzo lililo ufukweni, mwisho wa barabara hii ya Msata. Kilichokosekana ni mwendelezo. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, filamu ndefu zilizotengenezwa nchini zilihesabika kwa vidole. Majumba ya sinema yakafungwa moja baada ya jingine, na watazamaji wakahamia kwenye vibanda vya video. Msata, kama miji mingi ya ukubwa wake, watu hutazama filamu kwenye vibanda na kwenye simu.

Mara mbili katika miaka ishirini na moja

Kuna mlango mmoja wa Oscar ambao kila nchi inaweza kuubisha bila kuwa na kampuni kubwa ya Marekani nyuma yake. Ni kipengele kilichoanza kushindaniwa mwaka 1956 kwa jina la Filamu Bora ya Lugha ya Kigeni, na kubadilishwa mwaka 2019 kuwa Filamu Bora ya Kimataifa. Kila nchi huwasilisha filamu moja tu. Huchaguliwa na kamati ya taifa iliyokubaliwa na Akademi. Filamu iwe imeoneshwa kwa siku saba mfululizo katika jumba la sinema la biashara, na sehemu kubwa ya mazungumzo yake isiwe ya Kiingereza. Kutoka katika filamu zote hupatikana orodha ya awali ya 15, na kutoka hapo wateule watano.

Tanzania iliubisha mlango huo kwa mara ya kwanza mwaka 2001 kwa *Maangamizi: The Ancient One*, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Amandina Lihamba, mwalimu wa vizazi vingi vya wasanii katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliigiza nafasi ya Samehe, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi. Haikuteuliwa.

Mara ya pili ilikuwa 2022. Filamu ilikuwa *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi kuhusu Zanzibar ya miaka ya 1950, na ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imeoneshwa katika tamasha la Toronto. Nayo haikuteuliwa.

Kati ya filamu hizo mbili kuna miaka 21. Katika miaka hiyo Tamasha la Filamu la Zanzibar lilifanyika mwaka hadi mwaka. Katika miaka hiyo soko la filamu za video lilikua hadi likapata jina lake, Bongo Movie, na msiba wa Steven Kanumba, Aprili 2012, ukaonesha jinsi mwigizaji alivyoweza kupendwa na taifa zima. Watengenezaji walikuwapo na watazamaji walikuwapo. Wakati huohuo Kenya iliwasilisha *Nairobi Half Life* mwaka 2012 na kufuatisha nyingine, na Somalia, nchi iliyopitia miongo ya vita, iliwasilisha filamu yake ya kwanza mwaka 2021.

Asiyewasilisha hahitaji kubashiriwa. Kwa miaka 21 jibu la swali la wanafunzi wangu lilijulikana kabla hata ya mwaka kuanza.

Kamati nayo ni mbashiri

Ni rahisi kusema kwamba kamati ichague filamu bora, basi. Historia inaonesha kwamba kamati hufanya kazi ngumu zaidi, kwani nayo inabashiri. Inajiuliza wapiga kura wa mbali watapenda nini, na inaweza kukosea vibaya.

Mwaka 2022 India iliiacha *RRR* ikawasilisha filamu nyingine. Wimbo wa *RRR* ukaja kushinda Oscar ya Wimbo Bora. Mwaka 2023 Ufaransa iliiacha *Anatomy of a Fall*, iliyokuwa imeshinda Cannes. Filamu iliyowasilishwa badala yake haikufika kwenye watano, ilhali iliyoachwa iliteuliwa kuwania Filamu Bora na kushinda Oscar ya mswada. Ikiwa Ufaransa, yenye sinema tangu karne ya kumi na tisa, inaweza kukosea hivyo, sisi hatuna sababu ya kuogopa kukosea. Tuna sababu ya kuogopa kutojaribu.

Kenya ilitupatia mfano mwingine, wenye sheria ndani yake. Aprili 2018 bodi ya filamu ya huko ilipiga marufuku *Rafiki* ya Wanuri Kahiu, kwa sababu ilihusu mapenzi ya wasichana wawili. Wakati huohuo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha la Cannes. Mwongozaji alikwenda mahakamani, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaondoa marufuku kwa siku saba, ili filamu itimize sharti la Oscar la kuoneshwa nchini. Kamati ya Kenya hatimaye ilichagua *Supa Modo* ya Likarion Wainaina, kisa cha mtoto mgonjwa anayeota kuwa shujaa. Bila kujali msimamo wa msomaji kuhusu maudhui ya *Rafiki*, suala la kisiasa liko wazi. Siku saba za sinema zilitosha kuwakutanisha bodi, jaji, msanii na katiba. Bodi inayoweza kufungia filamu na kamati inayowakilisha taifa zinahitaji mipaka inayoeleweka, la sivyo kamati itachagua kwa hofu.

Nigeria nayo ilijifunza kwa uchungu. Mwaka 2019 filamu yake *Lionheart* iliondolewa kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa ya Kiingereza. Hapa Tanzania ina utajiri ambao haijautambua. Filamu zetu huzungumza Kiswahili bila kulazimishwa. Sharti linalowatoa wengine kwetu limetimizwa kabla ya kamera kuwashwa.

Mambo yameanza kubadilika?

Kanuni niliyoieleza awali imeanza kupata nyufa. Machi 2014 Lupita Nyong'o, aliyekulia Kenya, alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi, ingawa kwa kisa cha utumwa wa Marekani. Mwaka 2018 jina la Kiswahili, *Watu Wote*, lilisomwa miongoni mwa filamu fupi tano. Ilihusu abiria Waislamu waliowakinga wenzao Wakristo basi lao liliposhambuliwa karibu na Mandera. Iliongozwa na mwanafunzi wa chuo cha Hamburg. Mwaka 2024 dokumentari kuhusu Bobi Wine iliteuliwa, na mmoja wa waongozaji wake wawili, Moses Bwayo, ni Mganda.

Msomaji ataona mwelekeo. Tulianza kama mandhari, tukawa wahusika, na sasa tumeanza kushika nusu ya kamera. Mada, hata hivyo, zingali karibu na zile za zamani: ugaidi, ukandamizaji, maafa. Tutapaswa kuamua kama tunataka kuingia kupitia mlango huo tu.

Kwa upande wa filamu ndefu, njia nayo inasomeka. *Yesterday* na *Tsotsi* za Afrika Kusini, zilizoteuliwa mwaka 2005 na 2006, zilipitia matamasha makubwa kwanza, na *Tsotsi* ikashinda. *Timbuktu* ya Mauritania, iliyoteuliwa mwaka 2015, ilianzia Cannes na ilikuwa na fedha za Ufaransa. *Atlantics* ya Senegal ilishinda tuzo Cannes mwaka 2019 ikafika kwenye orodha ya awali.

Kwa ushahidi huo ninaweza kubashiri. Filamu ya kwanza ya Kiswahili kuteuliwa katika kipengele hicho itakuwa imepitia Cannes, Berlin au Venice, itakuwa na mtayarishaji mwenza wa Ulaya, na itapata msambazaji wa Marekani kabla ya orodha ya awali kutoka. Itawasilishwa mwaka uleule ilipooneshwa kwenye tamasha, kabla gumzo halijapoa.

Ubashiri huu una gharama. Mwenye fedha za utayarishaji huwa na neno katika hadithi. Mfuko wa Ulaya hautatuma barua ya kuamuru tupige picha za umaskini, lakini mwandishi anayejua nini kilifadhiliwa jana ataandika kinachofanana nacho leo. Hivyo ndivyo kanuni ya zamani inavyoweza kurudi ikiwa imevaa kanzu mpya, safari hii ikitekelezwa na sisi wenyewe. Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba serikali isijihusishe na Oscar kwa kuwa ni tuzo za wageni. Ikijitoa, fedha za ndani zitajitoa pia, na hadithi itabaki kwa anayelipa.

Yanayowezekana

Kwanza, kamati ya uteuzi iwe ya kudumu na iwe na kalenda inayojulikana. Kanuni za Akademi zinataka wajumbe wa kamati wawe kwa kiasi kikubwa watu wa filamu wenyewe. Majina yao yatangazwe, na kila mwaka watoe sababu za uamuzi wao kwa maandishi, hata uamuzi ukiwa kwamba hakuna filamu iliyofaa. Katika utumishi wa umma tunajua kwamba kazi isiyo na tarehe haifanyiki.

Pili, tangu 2021 Bodi ya Filamu imekuwa na tamasha la tuzo za filamu nchini. Tuzo hizo na kamati ya Oscar zinapaswa kusomana. Mbashiri wa Marekani anategemea tuzo za vyama ili kuona upepo unakovuma. Kamati yetu nayo ipate pa kutazama kabla haijaamua.

Tatu, uwepo mfuko wa ndani wa utayarishaji wenye masharti ya wazi, ambao hata ukilipia sehemu ndogo ya gharama utampa mwongozaji wetu nguvu ya kukaa mezani na mfadhili wa nje bila kuinamisha kichwa.

Nne, tufundishe historia ya filamu. Nimekutana na wahitimu wanaomjua kila mteule wa mwaka jana lakini hawajawahi kusikia habari za Vugiri, za *Muhogo Mchungu*, wala za Kampuni ya Filamu. Mtu asiyejua amewahi kubashiriwa na nani atabashiriwa tena.

Hadithi zipo. Mwambao huu uliona misafara ya pembe na watumwa ikishuka Bagamoyo kupitia Ukwere. Uliona Abushiri akiwapiga Wajerumani hadi akanyongwa Pangani, Desemba 1889, na ukamwona Bwana Heri akiwasumbua kutoka Saadani. Ni visa vyenye mapenzi, usaliti, ushujaa na maswali magumu kuhusu sisi kwa sisi, kwa maana biashara ya watumwa haikuendeshwa na wageni peke yao. Filamu inayothubutu kulisema hilo huenda isiwapendeze wapiga kura wa Los Angeles. Huenda isitupendeze hata sisi. Nadhani ndiyo inayofaa kutengenezwa kwanza, na kamati ikiletewa, iwe na ujasiri wa kuiwasilisha.

Ninawaachia wasomaji, hasa walio katika wizara na taasisi husika, swali linaloweza kujibiwa kabla ya Oktoba, mwezi ambao dirisha la kuwasilisha filamu kwa kawaida hufungwa: kamati ya mwaka huu ni akina nani, na wanatazama filamu zipi?